Kidonda kisichouma

Mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa ya kitabibu ambayo msomaji angeweza kudhani ni hadithi ya kutishia watoto. Iliwahusu wagonjwa wa kisukari ambao miguu yao ilikuwa imetafunwa na panya. Walikuwa wamelala majumbani mwao, panya akaja usiku akala nyama ya mguu, na mwenye mguu akaendelea na usingizi wake. Mguu haukumwamsha.

Naanzia Dar es Salaam ingawa nataka kuzungumza na watu wa Kinyinya, Kigali, kwa sababu kisa hicho kinajibu swali linaloulizwa kwenye mabenchi ya kila kituo cha afya: kwa nini kidonda cha mguu cha mwenye kisukari hakisikii dawa? Majibu ya mtaani ni mengi. Sukari imeingia kwenye nyama na wadudu wanafuata utamu. Damu imekuwa nzito. Mtu amerogwa, amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Sitaki kuyadharau majibu haya, maana kila moja limeshika pembe ya jambo lenyewe. Hata lile la kurogwa. Mtu mwenye afya aliyejikata na bati hukumbuka siku na mahali. Mwenye kisukari ambaye mguu wake umekufa ganzi hukikuta kidonda kimeshakaa siku kadhaa, na akijaribu kukumbuka alijigonga wapi, hapati kitu. Jeraha lisilo na chanzo ni rahisi kutafutiwa mchawi.

Lakini jibu kubwa ni lile la panya. Kidonda hakiumi, na kwa kuwa hakiumi, mwenye nacho anakitembelea.

Na Kinyinya ni mahali pa kutembea. Tarafa hii ya wilaya ya Gasabo ni vilima na mabonde. Juu ya kilima kilichoipa jina, minara ya redio ya Deutsche Welle ilirusha matangazo tangu miaka ya 1960 hadi kituo kilipofungwa mwaka 2015. Chini yake mji umejaa kila upande: Gacuriro yenye nyumba za kifahari na lami, Kagugu yenye shule na maduka, kisha Gasharu na Murama, ambako ujenzi haukomi. Pikipiki inakushusha barabarani, halafu unateremka kwa miguu hadi nyumbani, ngazi za udongo na mawe, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Ukiteremka, vidole vinasukumwa kwenye ncha ya kiatu. Ukipanda, uzito wote unabebwa na mbele ya wayo. Njiani kuna misumari ya mbao za jengo, vipande vya nondo, kokoto. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, watu wanashika majembe na wengine wamevaa kandambili. Mwenye miguu inayohisi hupita humo bila hasara kubwa, kwa kuwa maumivu humwongoza: anachechemea, anabadilisha mguu, anakaa kitako na kutoa mwiba. Mwenye ganzi hana kiongozi huyo.

Ganzi yenyewe huja polepole. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu na pia vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu huumia kwanza, ndiyo maana shida huanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda taratibu kuelekea ugokoni. Mwanzoni ni kero: miguu inawaka moto usiku, inachomachoma kama inatembewa na siafu, shuka likigusa mtu anaruka. Kisha siku moja moto unazimika. Wapo wanaofurahi hapo wakidhani dawa imefanya kazi, na hiki ndicho kipindi kinachonitia hofu kuliko vyote. Mishipa iliyokuwa ikilalamika sasa imenyamaza, na mtu anaacha kulalamika kliniki katika wakati ambao angepaswa kuangaliwa zaidi.

Mishipa ya hisia haifi peke yake. Ile inayoendesha misuli midogo ya wayo nayo inadhoofika, vidole vinakunjamana kama makucha, na uzito wa mwili unahamia pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Ile inayoamuru jasho inakufa, ngozi inakauka, na kisigino kinapasuka kama shamba la kiangazi. Panapobanwa sana panaota sugu. Watu huiona sugu kuwa kinga, hali kwenye mguu wa ganzi inafanya kazi ya jiwe ndani ya kiatu: inakandamiza nyama iliyo chini yake hadi ichubuke na kuvuja damu, juu kukionekana kukavu. Mhudumu akiikwangua sugu hiyo kwa wembe wa hospitali anaweza kukuta kidonda kilichokomaa ambacho mwenyewe hakuwahi kukiona.

Hapo ndipo kazi ya kupona inapotakiwa kuanza. Kwa mtu asiye na kisukari mwili huifanya bila kuambiwa. Damu inaganda na kuziba. Chembechembe nyeupe zinawasili, zinaua vijidudu na kusafisha nyama iliyokufa. Kisha vijishipa vipya vya damu vinachipua, nyuzi za protini ya kolajeni zinasukwa, ngozi inatambaa kutoka pembeni hadi kingo zikutane. Jeraha dogo linafunga ndani ya wiki chache.

Sukari nyingi katika damu inaharibu karibu kila hatua ya kazi hiyo. Chembechembe nyeupe zinachelewa kufika na zikifika hazina nguvu ya kumeza vijidudu, kwa hiyo maambukizi yanashika. Zile zinazopaswa kubadilika kutoka kusafisha na kuanza kujenga zinakwama kwenye kusafisha, na vimeng'enya vyake vinaendelea kula kolajeni changa inayosukwa. Sukari inajishikiza kwenye protini za ngozi na kuzifanya ngumu, zisizonyumbuka. Vijishipa vipya havichipui vya kutosha. Kwa hiyo wanaosema wadudu wanafuata utamu hawako mbali sana na ukweli, ila wadudu wanashinda zaidi kwa sababu walinzi wamelegea kuliko kwa sababu ya utamu wenyewe.

Halafu kuna mishipa mikubwa ya damu. Kisukari, hasa kikiandamana na shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu na sigara, huifanya mishipa ya miguu kuwa myembamba na migumu, mara nyingi ile iliyo chini ya goti. Mguu usiofikiwa na damu haupati hewa ya oksijeni, haupati chakula, wala dawa ya kuua vijidudu unayomeza haifiki kidondani kwa kiasi cha kutosha. Mguu wa namna hiyo huwa baridi, unang'aa, nywele zinapukutika, na kidole kinaweza kugeuka cheusi. Unahitaji daktari wa upasuaji haraka, si wiki mbili za kusubiri.

Hata hivyo wagonjwa wengi wana damu ya kutosha miguuni na bado kidonda hakifungi. Kwao sababu ni uzito. Kila hatua inaponda ngozi changa iliyoota usiku. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku, na hizo si nyingi kwa anayepanda na kushuka Murama, anaukanyagia mguu wenye kidonda mara 2,500 kabla ya jua kuchwa. Ni sawa na fundi anayepanga matofali mchana na kila jioni mtu akapita akiusukuma ukuta kabla saruji haijashika. Ukimlaumu fundi, umekosea mtu.

Aliyeliona hili waziwazi alikuwa daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na kurudi huko mwaka 1946 kufanya kazi Vellore. Wagonjwa wake walikuwa wa ukoma. Wakati huo hata madaktari waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma ni nyama mbovu, inaoza na kudondoka yenyewe. Brand aligundua kwamba nyama ile inapona kama ya mtu yeyote ikipumzishwa. Kilichokuwa kikiimaliza ni kuumia kila siku bila kuhisi. Na vidole vilivyokuwa vikitoweka usiku? Panya. Wagonjwa wa kule walipewa paka wa kulala nao. Miaka ya 1960 Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na huko akaona kwamba mguu wa mwenye kisukari unateseka kwa njia ile ile. Alichosisitiza ni plasta ngumu kama ya mtu aliyevunjika mfupa, inayoukumbatia mguu mzima ili uzito usambae na usiegemee pale penye kidonda.

Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake huko Marekani walipima jambo hili kwa wagonjwa 63. Kundi moja lilifungwa plasta hiyo, la pili likapewa kiatu kirefu kinachovulika, la tatu likapewa kiatu kisichogusa chini kwa mbele. Baada ya wiki 12, takriban 9 kati ya 10 waliofungwa plasta walikuwa wamepona. Wa kiatu kirefu walikuwa asilimia 65, wa kundi la tatu asilimia 58. Kiatu kile kirefu kinaondoa uzito karibu sawa na plasta. Tofauti ni kwamba kinavuliwa. Miaka miwili baadaye watafiti hao hao waliwawekea wagonjwa vifaa vya kuhesabu hatua, wakakuta kwamba viatu virefu vya aina hiyo vilivaliwa kwenye asilimia 28 tu ya hatua zao za kila siku. Hatua zilizobaki walitembea bila hivyo, nyumbani, jikoni, chooni. Walikuwa watu walioelezwa vizuri, wenye kiatu mkononi, nao walikivua kwa sababu mguu haukuwakumbusha.

Nawaomba ndugu wa wagonjwa waisome aya hiyo mara mbili kabla ya kumwita baba yao mkaidi.

Tatizo ni kwamba kupumzisha mguu ni dawa ghali. Rwanda imejenga mfumo wa afya ambao majirani wengi wanautamani. Kwa miaka mingi mwanachama wa bima ya afya ya jamii, ile inayoitwa mituweli, amekuwa akichangia faranga 200 tu anapotibiwa kituo cha afya na asilimia 10 ya gharama anapopelekwa hospitali. Kutoka kituo cha afya cha Kagugu anaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya Kibagabaga, na kutoka Kibagabaga hadi CHUK, hospitali ya chuo kikuu. Lakini bima inalipia dawa, bandeji na kitanda. Hailipi kodi ya nyumba. Mwambie mama anayeuza parachichi na ndizi kwa ungo kichwani akae wiki 12 bila kutembea, umemwambia watoto wake wale nini? Mlinzi anayesimama getini Gacuriro usiku kucha, kibarua anayebeba zege, hao wote wanaishi kwa nyayo zao. Daktari anapoandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakufuata masharti, anaandika kweli, ila anaandika nusu yake.

Kwa hiyo watu wanatafuta njia za kutibu kidonda huku wakitembea. Wanafungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga wake juu. Unatengeneza gamba linaloficha usaha, na vijidudu vilivyo ndani zaidi haviguswi. Wanamimina spiriti, ambayo inaua pia nyama changa. Wanapaka majivu au dawa ya meno. Wanaloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, na hili ni baya kupita yote, kwa kuwa mguu usiohisi hauwezi kusema maji ni ya moto mno. Mtu anaingia na kidonda kimoja anatoka na ngozi ya wayo mzima imebabuka. Jioni za baridi za Kigali kukaa na miguu karibu na jiko la mkaa kuna hatari hiyo hiyo. Wengine wanapunguza chakula kwa hofu ya sukari hadi wanakosa protini, hali mwili hauwezi kusuka nyama mpya bila protini. Maharage ambayo kila nyumba ya Rwanda inayajua ni msaada hapa, na mwenye kisukari hana sababu ya kuyakimbia.

Matibabu sahihi hayana miujiza. Nyama iliyokufa inakatwa na mtu aliyefundishwa, kidonda kinaoshwa na kufungwa kwa bandeji safi yenye unyevu wa kadiri, maambukizi yakiwapo yanatibiwa kwa dawa iliyochaguliwa vizuri, sukari inashushwa, mtiririko wa damu unapimwa, na uzito unaondolewa. Plasta haifungwi ovyo: mguu wenye maambukizi makali au usiofikiwa na damu unaweza kuharibika ndani yake. Kidonda kisipopungua angalau nusu ya ukubwa wake ndani ya wiki 4, kuna jambo limeachwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ni lipi. Huenda ni mfupa ulioambukizwa chini, huenda ni mshipa ulioziba. Wala homa isingojewe kama dalili, maana inaweza isije kabisa. Sukari iliyopanda ghafla bila sababu mara nyingi ndiyo inayotangulia kutoa habari. Mguu uliovimba na kuwa na joto bila kidonda chochote nao upelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani kimya kimya.

Kati ya watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 hupata kidonda cha mguu katika maisha yao. Mwenye kidonda hicho ana uwezekano wa kufariki ndani ya miaka 5 mara mbili na nusu zaidi ya mwenye kisukari asiye nacho, na kukatwa mguu mara nyingi huanza na kidonda kidogo ambacho kingeweza kuzuiwa. Nchini Rwanda takriban watu wazima 3 kwa kila 100 wana kisukari, na wengi hawajajua. Wengine wanajua siku ambayo kidonda kimewapeleka hospitali.

Hapa ndipo naona Kinyinya inaweza kufanya jambo bila kusubiri mashine. Mwaka 2011 Gerry Rayman na wenzake wa hospitali ya Ipswich, Uingereza, walieleza kipimo kisichohitaji kifaa. Mgonjwa anavua viatu na soksi, anafumba macho. Mwingine anamgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, kidole cha tatu na kile cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Asibonyeze, asipapase, asirudie. Mgonjwa anasema kulia au kushoto kila anapohisi. Akikosa sehemu mbili au zaidi kati ya hizo 6, mguu umepoteza hisia na anahitaji kupimwa zaidi kituoni. Mjukuu wa darasa la tano anaweza kumpima bibi yake leo jioni.

Rwanda ina wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 45,000, wanaochaguliwa na majirani zao katika kila kijiji. Wameshathibitisha kwamba kazi iliyodhaniwa kuwa ya daktari inaweza kufanyika mlangoni mwa mtu. Matibabu ya malaria ya watoto ni ushahidi. Wauguzi nao walifundishwa kuendesha kliniki za kisukari katika hospitali za wilaya kama Rwinkwavu na Butaro, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la Partners In Health. Na tangu 2016 kuna Jumapili za Kigali bila magari, watu wanakimbia na kutembea barabarani, na pembeni wanapimwa sukari na shinikizo la damu bure. Maelfu ya watu wanatolewa tone la damu kidoleni. Natamani kila anayekutwa na sukari juu aambiwe papo hapo, "Mzee, vua viatu tuangalie miguu." Kuvua viatu mbele ya watu kunaleta haya, hasa kwa mwenye kidonda kinachonuka, kwa hiyo pazia na beseni la maji viwepo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mguu bandia na miezi ya kujifunza kutembea upya. Kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa mwaka 1960 na padri Joseph Fraipont Ndagijimana, kimewasimamisha tena Wanyarwanda wengi kwa viungo bandia, na ni kazi ya kuheshimiwa. Ila mguu wa pili wa mwenye kisukari unabaki ukibeba uzito wa mwili kuliko zamani, nao una ganzi ile ile.

Kidonda kikishafunga, kazi haijakwisha. Karibu watu 4 kati ya 10 waliopona hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ganzi iko pale pale, vidole bado vimekunjamana, na kovu halirudishi uimara wote wa ngozi ya awali. Mtu huyo akague nyayo zake kila siku, kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni au kwa macho ya mwenzake kama ya kwake yameathiriwa na kisukari. Apime maji kwa kiwiko kabla ya kuingiza mguu. Akung'ute kiatu kabla ya kukivaa na kupitisha mkono ndani, maana kokoto moja au msumari uliotokeza hausemi. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Na arudi kliniki kukaguliwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3 hata kama hana tatizo lolote. Siku hiyo aende na vile viatu anavyoshinda navyo kazini na kuteremkia kilima, aviache vile vya kanisani nyumbani, ili muuguzi aingize mkono ndani na kuona palipochakaa.